Mtoto wa Nyumba ya Tano

Watu walimwita Fundi Sponji, naye hakuchukia. Alikuwa mfupi, mabega mapana, vidole vimejaa makovu madogo ya misumari, na alikuwa na mazoea ya kuongea huku amebana misumari mitatu minne kwa meno, hata wateja wapya wakadhani ana kigugumizi. Kazi ya makochi aliianza akiwa na miaka kumi na saba, chini ya bosi mmoja asiyecheka, aliyempa kochi bovu na kumwambia alifumue lote kisha alirudishe lilivyokuwa. Alilifumua na kulirudisha mara sita. Mara ya sita bosi alilikalia, akainuka, akasema, "Kesho uje mapema." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kuipata kwa yule bwana, na aliitunza moyoni kama cheti.

Alichelewa kuoa. Mkewe alikuwa muuzaji katika duka la dawa, mwanamke mrefu, sauti ya chini, asiyerudia neno mara mbili. Walingoja mtoto miaka saba. Alipozaliwa, mashavu yalimjaa hata macho yakawa yanachungulia tu, jina la kwenye cheti likasahaulika, akaitwa Kibonge. Wao wakawa Mama Kibonge na Baba Kibonge. Walikaa vyumba vitatu nyuma ya karakana, na mlango wa karakana ulifunguka moja kwa moja barabarani.

Jambo moja Fundi hakupenda kuliongelea. Alikuwa na dada yake mdogo, aliyemlea mwenyewe mgongoni wakati mama yao akienda kazini. Dada huyo alipokua, akili ilianza kumchezea; leo yuko sawa, kesho amejifungia ndani wiki nzima. Alizaa mtoto wa kike, mdogo kama punje, akambandika jina la Nukta. Fundi alipata habari zote hizo. Alipata habari kwamba mtoto ameachwa kwa jirani, kwamba amepelekwa kituo cha kulelea watoto, kwamba bibi upande wa baba amemchukua kisha amemchoka. Kila mara alisema, "Mwezi ujao nitakwenda." Mwezi ujao ulikuja mara nyingi. Alipokwenda kweli, alikwenda kumzika dada yake.

Baada ya maziko ndugu walikaa kikao kifupi. Huyu alisema ana presha, yule alisema nyumba yake finyu. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Kibonge, mtoto wa miezi mitano mapajani, ndiye aliyesema, "Tutaondoka naye sisi."

Nukta alikuwa na miaka sita. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya msiba na mkoba wake, na walipofika nyumbani aliingia, akazunguka vyumba vyote vitatu, akarudi.

"Hii ni ya tano," alisema.

"Ya tano nini, mwanangu?" Fundi aliuliza.

"Nyumba."

Wiki za mwanzo kila mtu alimsifu. Mtoto mchangamfu, walisema, hana haya kabisa. Mteja akiingia karakana, Nukta alimkimbilia na kumkumbatia kiunoni. Alimwita Mama Kibonge "mama" siku ileile ya kwanza, na Mama Kibonge alikwenda jikoni kufuta machozi. Siku ya tatu akamsikia akimwita hivyo hivyo mwanamke aliyepita akiuza sabuni. Akamwona akipanda mapajani kwa bwana mmoja aliyekuja kuulizia bei ya kiti, na kumwuliza kama wanaweza kuondoka pamoja. Machozi yale Mama Kibonge akayajutia kidogo.

Kisha mengine yakaanza kujitokeza. Siku moja Fundi alimwona akitembea huku anaacha matone ya damu sakafuni. Msumari ulikuwa umezama kwenye kisigino. Hakuwa amelia wala kumwambia mtu. Fundi alipouchomoa, Nukta alikuwa akihesabu vigae vya dari. Mama Kibonge akimshika begani, alikakamaa kama ubao. Lakini kikombe chake kikihamishwa kutoka upande wa kulia wa sahani kwenda kushoto, alilala sakafuni akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mashine ya kupigia pini ikilia "ta!" aliziba masikio na kukimbia. Na Fundi alipopasua kochi moja lililoletwa kwa ukarabati, alikuta ndani ya sponji vipande kumi na vinne vya mkate mkavu, vimepangwa kama vitabu.

"Kwa nini, Nukta? Chakula si kipo?"

"Kipo leo," alijibu.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu wa darasa alimwita Fundi mara tatu mwezi wa kwanza. Nukta hajui mchezo umeisha lini; wenzake wakishachoka kukimbizana, yeye anaendelea kuwasukuma. Hajui utani. Mtoto mmoja alimwambia, "Nenda kaolewe na ukuta," naye akasimama mbele ya ukuta mapumziko yote, darasa zima likimcheka, akicheka nao bila kujua wanachekea nini. Siku alipojua, alimng'ata yule mtoto mkono mpaka ngozi ikatoka. Hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," mwalimu alimwambia Fundi, kama anayemsomea hukumu.

Fundi aliaga, akatoka. Njiani alijisemea kwamba huyu ulimwengu ulishamfunza kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na alichofunzwa ndicho hicho wanachokiona.

Lakini jioni hiyohiyo naye akamchapa. Majirani walikuwa wakisema samaki mkunje angali mbichi, Mama Kibonge alikuwa amechoka, kitambaa cha mteja kilikuwa kimekatwakatwa vipande, na Fundi akachukua mkanda wa kuvutia springi, akampiga mara nne miguuni. Nukta hakulia. Alisubiri, akamtazama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umemaliza?"

Fundi aliingia karakana, akafunga mlango. Alikaa juu ya rundo la sponji, akamwona dada yake mgongoni mwake, miaka yote ile nyuma, akilalia shingo yake na mate yakimtiririka. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena kwa mtoto yeyote, ingawa watu walimwambia anamharibu.

Walimpeleka Nukta kwa daktari wa watoto katika hospitali kubwa, wakangoja kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alikuwa mama wa makamo, macho yamechoka, foleni ndefu nje ya mlango wake. Hata hivyo alikaa sakafuni na Nukta muda mrefu akimpa vipande vya mbao apange, akimwita jina, akitoka nje na kurudi, akitazama anavyofanya. Alirudia hivyo ziara tatu. Ziara ya tatu ndipo alipoongea.

"Kuna mambo mawili yamesukwa pamoja," alisema. "La kwanza amezaliwa nalo. Ubongo wake una njia zake. Sauti ndogo kwake ni kubwa, badiliko dogo linamwogopesha, na nyuso za watu hazisomi kama mnavyozisoma ninyi. Hilo si kosa la mtu. La pili amelipata njiani. Mtoto mchanga akilia anajifunza kwamba kuna mtu mmoja, yuleyule, atakuja. Huyu alilia akaja huyu, akalia akaja yule, na siku nyingine hakuja mtu. Akaacha kulia. Akajifunza kumchekea kila mtu, maana hajui ni nani atakayekuwa na chakula kesho."

"Na akianza kumpenda mtu?" Mama Kibonge aliuliza.

"Hapo ndipo atakapowasumbua zaidi. Atataka kujua mtamwacha lini. Kungoja kunamchosha, kwa hiyo atawasukuma mfanye haraka."

Fundi alikuna kidevu. "Daktari, hakuna dawa?"

"Ya hilo, hapana. Siku yake ifanane na jana. Mkisema mnarudi saa kumi, mrudi saa kumi. Akilipuka, msimzidi sauti. Punguzeni watu, kaeni chini, ngojeni. Msimchape. Na msimwahidi kitu msichoweza kukifanya, hata kama uongo huo utawapa dakika tano za amani."

"Kwa muda gani?"

"Miaka," alisema daktari. "Ningekwambia miezi ungefurahi, lakini ungerudi hapa kunilaumu."

Walijaribu. Fundi alihamisha mashine ya kupigia pini uani, akawa anaitumia Nukta akiwa shule tu. Kikombe kilikaa kulia. Kila siku saa kumi kamili alisimama lango la shule, hata siku mteja alipomwachia maneno makali kwa kumkuta hayupo. Nukta aliacha kumwita kila mwanamke mama. Akaanza kumwita Mama Kibonge "Mke wa Mjomba," jambo lililomchekesha Fundi na kumuudhi mwenye jina. Mkate uliokuwa ukifichwa ulipungua. Fundi alianza kulala usingizi mzima.

Ndipo likatokea la Kibonge.

Mtoto alikuwa amefikisha miezi kumi na moja, anaota meno, analia mchana kutwa. Mama Kibonge alikuwa akianika nguo uani. Ghafla kilio kikakatika. Hakikupungua polepole; kilikatika. Alitupa nguo, akaingia, akamkuta Nukta ameinama juu ya kitanda cha mtoto, mikono yote miwili imebana kipande cha sponji juu ya uso wake.

Alimvuta kwa nguvu hata akaanguka. Kibonge alivuta pumzi, akalia tena, uso umekuwa wa zambarau. Nukta alikuwa sakafuni ameziba masikio.

"Kelele inaniuma," alisema. "Nilikuwa naizima."

Usiku huo watu wazima hawakulala. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mama Kibonge alisimama mlangoni kati ya jikoni na karakana, koti lake jeupe la dukani limeshavaliwa.

"Nimeongea na shangazi yake upande wa baba," alisema. "Amekubali. Jumamosi anatuma gari."

"Mama Kibonge."

"Usiniite hivyo kama hujui maana yake. Uchungu wa mwana mimi ndiye ninayeujua. Ningechelewa kuhesabu mpaka kumi, tungekuwa tunaongea mengine leo. Nampenda yule mtoto, lakini siwezi kwenda kazini kila siku nikijiuliza kama nitamkuta wangu anapumua."

Fundi aliona kila neno ni kweli. Aliinamisha kichwa kukubali. Wote wawili hawakujua kwamba Nukta alikuwa nyuma ya mlango na viatu vyake vya shule mkononi.

Siku hiyo Nukta alirudishwa mapema. Darasa lao lilikuwa na mtihani wa nusu siku. Fundi alimfuata, akamleta. Kibonge alikuwa amelala ndani ya kapu karibu na benchi la kazi, mahali Fundi angemwona kila akiinua macho, na Nukta alipewa kiti upande wa pili wa chumba. Katikati ya karakana kulikuwa na kochi kubwa la watu watatu, limelazwa kifudifudi. Asubuhi ile Fundi alikuwa ametoa springi zake zote na kufungua kitambaa cha chini upande mmoja, kwa hiyo ndani lilikuwa tupu kama sanduku.

Mnamo saa nane gari la vitambaa lilisimama nje. Dereva hakutaka kushuka. Fundi alitoka kupokea marobota mawili, akabishana naye kidogo juu ya rangi iliyoletwa ambayo siyo iliyoagizwa, akayaegemeza ukutani. Zilikuwa dakika saba, labda nane. Aliporudi, kapu lilikuwa tupu. Kiti cha Nukta kilikuwa kitupu pia.

Aliita. Hakuna aliyejibu. Alipita vyumba vitatu akiinua vitanda. Alitoka uani. Pale kulikuwa na pipa la maji, na mfuniko wake ulikuwa umekaa upande. Alisimama mbele yake, kisha akazamisha mkono mpaka begani na kupapasa chini. Maji matupu. Aliutoa mkono, akauzamisha tena, hakuuamini.

Alimpigia mkewe simu, akasema maneno manne tu. Mama Kibonge alikuja mbio na koti lake jeupe, kiatu kimoja hana. Kufikia hapo watu walishajaa mlangoni. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemwacha mteja nusu kichwa. Wengine walikwenda kituo cha mafuta, wengine kwenye mtaro. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Si nilisema? Mtoto yule ana macho ya kutisha." Kila mtu aliita jina, wote kwa pamoja, "Nukta! Nukta!" mpaka karakana ikawa inavuma.

Fundi alikuwa katikati ya kelele hizo alipotupa jicho ukutani. Ndoano ya mkasi mkubwa, ule wa kukatia sponji, haikuwa na mkasi.

Akatazama benchi, akatazama chini ya benchi, kisha akatazama kochi. Kitambaa cha chini, alichokifungua asubuhi kwa mkono wake, kilikuwa kimefungwa. Kilifungwa kwa pini za kushonea, moja baada ya moja, zimelingana nafasi. Na ncha za zile pini zilikuwa zikitazama nje. Aliyezichoma alikuwa ndani.

"Nyamazeni," alisema. Hawakumsikia. Akamshika kinyozi kiwiko. "Watoe wote. Tafadhali. Funga mlango."

Kinyozi hakuuliza. Aliwasukuma nje kama anayefunga duka, akavuta mlango wa chuma. Wakabaki wawili, na kochi.

Mama Kibonge naye alishaziona pini. Alinyoosha mkono kukirarua kitambaa, Fundi akamdaka kifundo cha mkono.

"Ana mkasi," alimnong'oneza. "Ukirarua atakurupuka. Ngoja."

"Mwanangu hasikiki."

"Najua. Ngoja."

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa benchi, mahali kichwa chake kilipokuwa chini kuliko kochi. Alipumua mara mbili kabla ya kuongea, maana sauti ya kwanza iliyotaka kutoka haikuwa sauti ya mtu.

"Nukta. Ni Mjomba. Nimekaa chini. Yupo Mke wa Mjomba na mimi, basi. Watu wameondoka."

Kimya.

"Kibonge yupo na wewe?"

"Amelala."

Mama Kibonge alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Anapumua?" Fundi aliuliza.

"Nimemkatia tundu. Kitambaa cha nyuma. Usinikasirikie kitambaa."

Fundi alisogea kwa magoti mpaka upande wa pili. Kwenye mgongo wa kochi, katika kitambaa kipya cha mteja, palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, limekatwa vizuri. Aliinama, akaona utosi wa mwanawe, na chini yake kipande cha sponji kimewekwa kama mto. Mgongo mdogo ulipanda na kushuka. Alimwonyesha mkewe kwa kidole.

"Gari limefika?" Nukta aliuliza kutoka ndani.

"Gari gani?"

"La Jumamosi. La kunichukua."

Wakatazamana.

"Leo siyo Jumamosi," alisema Fundi. "Kwa nini umemchukua Kibonge?"

Sauti ya ndani ilikuwa tulivu, kama anayeeleza hesabu rahisi. "Mimi nikijificha mwenyewe mtaniacha. Yeye mtamtafuta."

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa na jibu tayari, jibu lolote la kumtoa mtoto mle: hakuna gari, hakuna safari, njoo upate chai. Akakumbuka benchi la hospitali na yule mama wa macho yaliyochoka. Akamgeukia mkewe, akasema polepole, "Mimi najua ninachotaka. Lakini ni nyumba ya wawili. Kama utasema, sema utakalolifanya. Usiseme la kumtoa tu."

Mama Kibonge alikuwa amesimama, mguu mmoja bila kiatu, akitazama lile tundu. Nje watu walikuwa wakigonga mlango na kinyozi akiwaambia wangoje. Alichuchumaa.

"Nukta, ni mimi. Nilisema uondoke. Ulisikia sawa. Niliogopa, na hata sasa naogopa. Jumamosi hakuna gari."

"Jumapili?"

"Hakuna."

"Jumatatu?"

"Jumatatu una shule."

"Mwezi ujao?"

"Hakuna gari, mwezi ujao wala mwakani. Lakini nisikilize. Kibonge hutakaa naye peke yako tena, mpaka mimi niseme. Na leo nina hasira na wewe. Kesho pengine nitakuwa nayo bado."

"Hasira ya siku ngapi?"

"Sijui. Lakini utakuwa unaikuta humu humu ndani."

Hapo Kibonge akaamka. Alianza na mguno, kisha akalia kwa nguvu zake zote, na ndani ya lile sanduku la mbao kilio kilikuwa kama king'ora. Fundi alijua kelele ilivyokuwa kwa Nukta, alijua mkasi uko wapi. Alimsikia Nukta akipumua kwa haraka, akisema, "Inauma, inauma, inauma." Mama Kibonge alikuwa amekishika kitambaa ncha mbili, vidole vimetobolewa na pini, hakukivuta.

"Mpitishe kwangu," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Kichwa kwanza. Nimeweka mikono."

Pini moja ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Kitambaa kikalegea, na kichwa cha Kibonge kikatokeza, kimelalia kiganja kidogo kilichotandazwa nyuma ya shingo, kama Mama Kibonge mwenyewe alivyokuwa akimbeba. Alimpokea, akamkumbatia, akaenda naye mpaka chumba cha mwisho, akafunga mlango, ndipo watu wa nje wakamsikia akilia.

Mkasi ulitoka baadaye, mpini ukitangulia. Nukta mwenyewe hakutoka. Alikaa ndani ya kochi, masikio ameziba, na Fundi alikaa sakafuni karibu yake mpaka saa ya chakula. Kinyozi aliwaambia watu watoto wamepatikana, nendeni, akarudi kumaliza kile kichwa cha nusu.

Jioni hiyo Mama Kibonge alimpigia simu shangazi wa Nukta, akamwambia gari lisije. Kesho yake alifunga nguo za Kibonge akaenda kwa mama yake. Alimwambia Nukta ana kwa ana: "Naenda siku tisa. Siku ya kumi saa nne asubuhi nitarudi." Fundi hakuwa na hakika. Siku zile tisa zilikuwa ngumu kuliko zote. Nukta alivunja kioo, alikataa kula, alimwambia mjomba wake kwamba anamchukia, akarudi kukojoa kitandani. Siku ya kumi saa nne kasorobo Mama Kibonge alikuwa barabarani na mtoto mgongoni. Nukta alimwona, akaingia ndani, hakumsalimu siku mbili.

Nisingependa mtu adhani kwamba toka hapo maji yalifuata mkondo. Mlango wa chumba cha Kibonge uliwekwa kitasa juu, na kilikaa hapo miaka mitatu. Walibadilisha shule. Shule ya pili ilikuwa na mwalimu kijana aliyekubali Nukta akae karibu na dirisha, atoke nje akizidiwa, na asilazimishwe kucheza. Huko alipata rafiki mmoja, msichana asiyependa kuongea. Walikaa pamoja mapumziko wakipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, na hilo liliwatosha. Fundi alipoteza wateja kwa ajili ya saa yake ya kumi, akapata wengine. Mvi zilimwota upande mmoja kwanza. Watu waliendelea kumshauri, na yeye aliendelea kubana misumari kwa meno, jambo linalosaidia sana mtu asiyetaka kujibu. Waliokuja kumwuliza siri yake, maana nao walikuja, wazazi wenye watoto wa aina hiyo, aliwapa anwani ya daktari na kiti cha kukalia. Siri hakuwa nayo.

Sasa Nukta ana miaka kumi na mitatu. Hapendi kuguswa. Wageni wakija anakula chumbani. Mwezi uliopita alisimamishwa shule siku tatu kwa kumpiga mwenzake aliyehamisha dawati lake bila kumwambia, na Mama Kibonge akaomba ruhusa kazini akaenda kuitikia wito. Fundi aliwaona wakirudi, wamepishana hatua moja, wanabishana tangu kona ya kinyozi.

"Ungemwambia arudishe," Mama Kibonge alikuwa akisema. "Mdomo unao."

"Nilimwambia."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mtu anaambiwa mara tatu kabla ya ngumi, Nukta. Na hata baada ya tatu hakuna ngumi."

"Sasa hizo tatu za nini?"

Walipita karakana bila kumsalimu Fundi. Kibonge, mwanafunzi wa darasa la pili, aliinua kichwa kwenye daftari akakirudisha. Mlango wa chumba cha Nukta ukabamizwa, ukafunguliwa, ukabamizwa tena.

"Na hiyo ya pili ya nini?" Mama Kibonge alipaza sauti kutoka jikoni.

"Ya kwanza haikufunga vizuri," Nukta akajibu.